Tupime njia kwanza kabla ya kuweka kisiwa jikoni

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kwa kazi yangu nakutana nalo karibu kila mwezi, nalo ni kisiwa cha jikoni, yaani ile meza kubwa ya makabati inayosimama peke yake katikati ya chumba bila kugusa ukuta wowote. Mimi ni fundi wa makabati ya jikoni na karakana yangu iko Kariobangi. Kwa miaka 23 nimepima, nimekata na nimefunga makabati katika nyumba za Umoja, Donholm, Kasarani na Utawala, na siku hizi hata nje ya mpaka wa kaunti yetu, Ruaka na Syokimau, ambako wengi wanaofanya kazi Nairobi wanajenga. Zamani mteja aliniita nimtengenezee makabati ya juu na ya chini, kazi ikaishia hapo. Leo karibu kila anayejenga hufungua simu, akanionyesha picha ya jikoni yenye kisiwa cheupe na viti virefu, akaniambia, "Fundi, nataka kama hiki."

Sina ugomvi na kisiwa. Kikikaa mahali pake ni msaada mkubwa kwa mpishi, na nimeona familia zikikifanya kuwa moyo wa nyumba. Ninachotaka kusema ni kwamba kisiwa hakipangwi kwa kuanza na kisiwa chenyewe. Hupangwa kwa kuanza na njia inayokizunguka, na pale ambapo njia haitoshi, kisiwa hakifai kuwekwa hata kama fedha zipo.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka 2016 nilijenga kisiwa katika nyumba moja ya Ruaka. Chumba kilikuwa na upana wa mita 3.6, makabati yakiwa pande zote mbili, kila upande ukichukua sentimita 60. Mwenye nyumba alitaka kisiwa cha upana wa sentimita 90, nami nikakubali, maana kwenye karatasi kilionekana kimetulia katikati vizuri kabisa. Sikuketi nikatoa hesabu iliyobaki. Ukitoa makabati na kisiwa hicho, ilibaki mita 1.5, ambayo ukiigawa mara mbili unapata njia ya sentimita 75 kila upande. Wiki tatu baada ya wao kuhamia, mama wa nyumba alinipigia simu akaniambia, "Fundi, njoo uone mwenyewe." Nilipofika hakunieleza mengi. Alifungua mlango wa oveni, ambao ukilala hutokeza karibu sentimita 50, kukabaki nafasi ya shubiri moja kati ya ncha ya mlango na kisiwa. Ili atoe trei ilimbidi asimame ubavuni na kunyoosha mikono yote miwili juu ya mlango wenye moto. Kisha akafungua friji, na mlango wake ukagonga ukingo wa graniti mahali ambapo tayari palikuwa na alama ya kumeguka kiasi cha ukucha wa kidole gumba. "Na hii kona," akasema akishika nyonga yake, "inanigonga hapa kila siku, hata ninapojua ipo."

Nilikibomoa kisiwa kile nikakirudisha kwa upana wa sentimita 50, nikakata graniti upya na kuzungusha kona zake, na gharama tukagawana. Njia zikawa sentimita 95 kila upande, ambazo bado si nyingi, lakini mama yule aliweza kupika bila kuumia. Tangu siku hiyo sijakubali kukata ubao hata mmoja kabla ya kuhesabu njia.

Vipimo vyenyewe si siri ya mafundi. Wataalamu wa kupanga jikoni nchini Marekani, ambao wamelishughulikia jambo hili kwa miongo mingi, wanapendekeza kwamba njia ya kufanyia kazi, yaani nafasi kati ya kaunta na kisiwa, isipungue inchi 42, ambazo ni kama sentimita 107, ikiwa anayepika ni mtu mmoja, na inchi 48, karibu sentimita 122, ikiwa wapishi ni zaidi ya mmoja. Njia ya kupita tu, ambayo hakuna aliyesimama akipika, iwe angalau inchi 36, yaani sentimita 91. Vipimo hivi havikutokana na kupenda nafasi. Mtu anayechuchumaa kutoa sufuria katika kabati la chini, huku droo imevutwa mbele yake, anahitaji karibu mita moja nzima kutoka uso wa kabati hilo ili mgongo wake usiguse kitu. Mtu mwingine akipita nyuma yake na chungu cha maharagwe yanayochemka, kila sentimita iliyopungua inageuka kuwa hatari.

Mimi huwaambia wateja wangu wachukue kipimo cha wapishi wawili, kwa sababu katika nyumba zetu mpishi mmoja ni nadra. Jumapili mama anapika na binti yake anakata kachumbari. Wageni wakija, shangazi na mawifi wanaingia jikoni bila kualikwa, na hivyo ndivyo inavyopasa kuwa. Chumba ambacho hakiwezi kubeba wanawake watatu wakipika pilau ya harusi kimekosea kazi yake, hata kama kinapendeza kwenye picha.

Sasa tuhesabu kwa chumba ambacho wasomaji wengi wanacho. Nyumba nyingi zinazojengwa katika viwanja vya futi 50 kwa 100 hupewa chumba cha jikoni cha futi 10 kwa 10, yaani mita 3 na sentimita 5 kila upande. Ukiweka makabati pande mbili zinazotazamana umeshatumia sentimita 120, na zimebaki 185. Njia mbili za sentimita 107 kila moja zinadai 214, kwa hiyo nafasi imekwisha hata kabla kisiwa hakijawekwa. Hata ukiacha makabati upande mmoja pekee, utabakiwa na sentimita 245. Toa 107 za mpishi na 91 za kupita upande wa pili, utapata 47, ambazo ni pungufu ya kina cha kabati moja la kawaida. Kisiwa hakiingii chumba hicho. Ili chumba chenye makabati pande mbili kipokee kisiwa cha upana wa sentimita 60, kinahitaji sentimita 394, ambazo ni karibu futi 13. Nimewaona wenye nyumba wakikasirika wanaposikia hesabu hii, na naelewa uchungu wao, lakini namba hizi hazimpendelei mtu.

Njia halali ya kuupata upana huo katika nyumba ndogo ni kuondoa ukuta kati ya jikoni na sebule, au kutoujenga tangu mwanzo, ili njia ya upande wa pili wa kisiwa iwe ni sehemu ya sebule yenyewe. Ila kabla hujaugusa ukuta uliokwisha kujengwa, mwite mhandisi auangalie kama umebeba zege la juu. Na mwenye nyumba ajue kwamba harufu ya samaki wa kukaanga na kelele za masufuria zitaketi sebuleni pamoja na wageni. Wako wanaolipenda hilo, na wako wanaolijutia baada ya mwezi mmoja.

Hesabu ya karatasi peke yake bado haimtoshi kila mtu, kwa hiyo nimejifunza kuchora sakafuni. Mwaka jana nilikuwa katika nyumba moja ya Utawala ambayo vigae vilikuwa bado havijawekwa. Nilichukua chaki nikachora makabati, jiko la gesi, sinki na kisiwa kwa ukubwa wao halisi juu ya simiti. Nikapanga mabenchi mawili na mbao juu yake mahali pa kisiwa, nikakata kipande cha plaiwudi cha sentimita 70 kiwe mlango wa friji, kisha nikamwomba mwenye nyumba apike. Alicheka kidogo, akashika ndoo akaanza kutembea kutoka sinki hadi jiko, kutoka jiko hadi kisiwa, akigeuka na kuinama kama anayepika kweli. Mama mkwe wake, ambaye alikuwa amekuja kutoka nyumbani Vihiga, alikuwa ameketi kando juu ya mfuko wa simiti akitazama bila kusema neno. Baada ya muda akamuuliza mkaza mwanawe, "Mwanangu, na mimi nikitaka kutoka nje kumwaga maji nitapitia wapi?" Sote tukageuka kutazama. Mlango wa nyuma ulifunguka kuelekea ndani, na ncha ya kisiwa ilikuwa mahali hasa ambapo mlango ungefikia. Mchoraji ramani hakuliona, mimi sikuliona, na mwenye nyumba hakuliona. Tulifuta chaki, tukasogeza kisiwa sentimita 40 kuelekea sebuleni, na kazi hiyo yote ilituchukua nusu saa. Baada ya graniti kulazwa ingetugharimu maelfu ya shilingi.

Jambo la pili baada ya njia ni mahali pa kazi tatu kubwa za jikoni. Wazee wetu walipika juu ya mafiga matatu, na kila mtoto aliyelelewa kijijini anajua kwamba chungu hakikai juu ya mawili. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani, katika miaka ya 1940, walifikia mpango unaofanana na huo kwa njia yao. Waliona kwamba mpishi huzunguka kati ya sinki, jiko na friji, na wakapendekeza kuwa mistari inayounganisha vitu hivyo vitatu iwe na urefu wa kati ya mita 1.2 na mita 2.7 kila mmoja, na jumla yake isipungue mita 4 wala kuzidi karibu mita 8. Kisiwa kikiingia katikati ya mistari hiyo, mpishi atakizunguka mara nyingi kila siku. Kanuni inayotumika ni kwamba kisiwa kisikate mstari wowote kwa zaidi ya sentimita 30.

Nikiruhusiwa kuongeza neno langu, nadhani katika nyumba nyingi za Nairobi figa la tatu si friji. Sukuma wiki, nyanya na dania hununuliwa jioni kwa mama mboga na kupikwa usiku huohuo, friji ikifunguliwa mara chache. Safari inayochosha ni ile ya kutoka sinki, mboga inapooshwa, kwenda mahali pa kukatia, kisha kwenda jiko. Kwa hiyo kisiwa chetu kifanywe kwanza mahali pa kukatia na kuandalia, kikiwa hatua moja mbele ya jiko, na sinki liwe karibu upande wa kushoto au wa kulia. Mpishi ageuke tu na mboga zake badala ya kusafiri nazo.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kimo, na hili naomba nilieleze kwa kirefu kwa sababu ndilo linaloumiza migongo na mabega ya wanawake wengi bila wao kujua chanzo. Kaunta nyingi hujengwa kwa kimo cha sentimita 90, kipimo kilichotoka nje, na mafundi tunakifuata kwa mazoea. Kipimo sahihi kipo mwilini mwa mpishi. Simama wima bila viatu virefu, kunja mkono, mtu mwingine apime kutoka kiwiko hadi sakafuni. Toa sentimita 10 hadi 15, na hicho ndicho kimo cha kaunta ya kukatia na kuandalia. Kwa kazi inayotaka nguvu ya bega, kama kukanda unga na kusukuma chapati, toa karibu sentimita 20. Mteja mmoja wa Kasarani kiwiko chake kilikuwa sentimita 98. Kaunta yake ya kukatia ilifaa iwe 86, na ya chapati iwe 78. Alikuwa amepika chapati kwa miaka mingi kwenye kaunta ya 90, akisimama kwa ncha za vidole ili apate uzito wa kusukuma, na jioni akilalamika mabega.

Uzuri mkubwa wa kisiwa, kwa maoni yangu, uko hapa. Makabati ya ukutani kwa kawaida hujengwa kwa kimo kimoja ili yaungane, ilhali kisiwa kinasimama peke yake na hakilazimiki kulingana na chochote. Kwa hiyo mteja akinipa uhuru, kisiwa chake nakijenga kwa kimo cha chapati na mandazi, sentimita 78 hadi 82, na kaunta za ukutani nazijenga kwa kufuata kiwiko chake. Watu wanaoingia nyumbani mwake huenda wakaona kisiwa kiko chini kidogo. Mwenyewe anapoinua mpini wa kusukumia anaelewa.

Kimo hicho kina ndugu yake, ambaye ni jiko la gesi la juu ya meza. Wengi wetu hatuna jiko lenye oveni. Tuna lile la mafiga mawili linalowekwa juu ya kaunta. Kaunta ikiwa sentimita 90, ukiongeza kimo cha jiko na kimo cha sufuria ya ugali, mdomo wa sufuria unafika karibu na kifua. Kusonga ugali wa watu sita kwa mwiko ulioinuliwa namna hiyo ni adhabu. Sehemu ya kaunta inayobeba jiko la aina hiyo ishushwe sentimita 15 hadi 20 kuliko nyingine. Ni kazi ndogo kwa fundi, na sielewi kwa nini hatuifanyi kila mahali.

Kuhusu kuweka jiko lenyewe juu ya kisiwa, ushauri wangu ni kutoliweka. Najua picha nyingi huonyesha hivyo. Jiko lililo ukutani lina ukuta nyuma yake unaokinga mafuta yanayoruka, na kifuniko cha kuvuta moshi hufanya kazi kwa urahisi kwa sababu mvuke umezuiwa upande mmoja. Juu ya kisiwa, kifuniko hicho kwa kawaida huning'inia kutoka darini na huhitaji nguvu zaidi, kwa kuwa mvuke hutawanyika pande zote nne. Watoto nao huketi kwenye viti virefu wakitazamana na karai la mafuta ya moto. Zaidi ya hayo yote kuna gesi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja haipandi darini. Hushuka na kulala sakafuni. Nimewahi kuombwa kuficha mtungi wa kilo 13 ndani ya kabati la kisiwa, milango imefungwa na msingi umezibwa, nikakataa. Mtungi ukae nje ya nyumba, penye hewa na kivuli, gesi iletwe kwa paipu ya shaba iliyofungwa na fundi anayeijua kazi hiyo. Kwa asiyeweza, basi ukae karibu na ukuta wa nje, mahali penye tundu la hewa chini kabisa, na mpira wake usivuke njia ya watu.

Sinki juu ya kisiwa linawezekana, ila uamuzi huo hufanywa kabla ya simiti ya sakafu kumwagwa. Maji machafu hayasafiri kwa kupenda. Paipu inahitaji mteremko wa angalau sentimita 2 kwa kila mita, na ikiwa safari ni ndefu mafuta ya chakula huganda ndani yake. Inahitaji pia njia ya hewa, la sivyo maji yanayokaa kwenye kona ya paipu ili kuzuia harufu yatafyonzwa, na harufu ya mtaro itaingia jikoni. Vivyo hivyo na stima. Paipu ya nyaya ilazwe chini ya sakafu mapema ili kisiwa kiwe na soketi ubavuni, mbali na maji, na kazi ifanywe na fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na mafuta. Waya wa blenda unaoning'inia hewani kutoka ukutani hadi kwenye kisiwa, juu ya njia wanakopita watoto, ni jambo nililoliona mara nyingi mno.

Juu ya viti virefu sina mengi. Kila anayeketi anahitaji upana wa sentimita 60, na ikiwa kaunta ni ya kimo cha sentimita 90, graniti itokeze karibu sentimita 38 ili magoti yapate pa kukaa. Bamba la graniti la unene wa sentimita 2 lina uzito wa zaidi ya kilo 50 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo likitokeza kiasi hicho lisiachwe bila mabano ya chuma chini yake. Wateja wangu kadhaa walitengeneza nafasi ya viti vinne, na leo viti hivyo vinawekewa mifuko ya ununuzi.

Afadhali nafasi hiyo ya chini itumike kwa mahitaji yetu. Mgao wa maji ni sehemu ya maisha katika mitaa mingi ya Nairobi, na nyumba hukosa kabisa mahali pa mitungi ya lita 20, ambayo huishia kusimama katika njia ileile tuliyoihesabu kwa uangalifu. Acha uwazi usio na mlango upande wa kisiwa unaotazama sinki, utoshe mitungi miwili au mitatu. Weka droo moja ya kina kirefu kwa sufuria kubwa za wageni, na nyingine ya unga. Msingi wa kisiwa ujengwe kwa matofali au simiti kwa kimo cha sentimita 10, kwa sababu sisi hupiga deki kwa maji mengi, na ubao wa MDF, yaani ule wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, ukinywa maji hayo hufura kama mkate na haurudi tena.

Kwa wale ambao hesabu imewakatalia, nawaomba wasijione wamepungukiwa. Mwaka 1926 msanifu majengo Margarete Schütte-Lihotzky alibuni chumba cha jikoni kwa ajili ya nyumba za watu wa kawaida mjini Frankfurt, Ujerumani, chenye upana wa kama mita 1.9 na urefu wa mita 3.4 tu. Alitazama jinsi wapishi wa mabehewa ya treni walivyoweza kulisha watu wengi katika nafasi finyu, akapanga kila kitu kiwe mahali ambapo mkono unakifikia. Vyumba karibu 10,000 vya namna hiyo vilijengwa, na havikuwa na kisiwa. Chumba chetu cha futi 10 kwa 10 ni kipana kuliko hicho. Ndani yake unaweza kujenga rasi, yaani kaunta iliyoshikamana na ukuta upande mmoja na kutokeza katikati, ambayo huhitaji njia pande mbili tu au tatu. Unaweza pia kuwa na meza imara ya mbao yenye magurudumu manne, mawili yakiwa na breki, ambayo husogezwa pembeni wageni wakijaa. Meza ya namna hiyo naitengeneza kwa siku tatu, na kuna mama mmoja wa Umoja anayeniambia hangeibadilisha kwa kisiwa cha mtu yeyote.

Ombi langu kwa gazeti lako, Mhariri, ni kwamba kila mnapochapisha picha za nyumba mpya katika kurasa za makazi, mchapishe pia upana na urefu wa chumba cha jikoni kinachoonekana, ili msomaji mwenye chumba cha mita 3 ajue kwamba anatazama chumba cha mita 5. Kwa wachoraji ramani, nawasihi waichore milango ya oveni, friji na ya nyuma ya nyumba ikiwa wazi, maana ndivyo inavyokuwa wakati watu wanapika.

Wako mwaminifu,
Fundi wa makabati ya jikoni,
Kariobangi, Nairobi